Raundi Nne za Baba Dogo

Daftari lenyewe lina jalada la kijani, kurasa tisini na sita, aina ile ambayo watoto wa shule hununuliwa mwanzo wa muhula. Liko kwenye sanduku langu la bati, chini ya kumbukumbu za vikao na cheti changu cha kidato cha nne. Kwa miaka sita nilisema halipo. Nilisema lilitumiwa kuwashia jiko, na nikamtaja aliyelitumia, naye hakuwa amefanya hivyo.

Miaka ya tisini nilikuwa nimestaafishwa mapema kutoka baraza la jiji, ambako nilikuwa karani wa ofisi ya mtaa, Shauri Moyo. Mtu aliyezoea kuitwa karani akibaki nyumbani hukosa pa kuweka mikono. Nilikuwa mzee wa kanisa, na nilikuwa katibu wa chama cha watu wa kwetu magharibi, kile cha kusaidiana kusafirisha maiti. Chama hicho nilikiandikia kumbukumbu kwa karibu miaka thelathini, na nilikuwa na sifa moja: kikao changu hakikukwama. Sisi tulikuwa watu wa zamu, wa reli, wa magari, wa hospitali, na haikutokea hata mara moja wote wakafika. Kwa hiyo tulikuwa na desturi. Asiyefika, neno lake la kikao kilichopita ndilo neno lake la leo. Kama mwezi jana ulisema ndiyo, basi leo umesema ndiyo, na tunaendelea. Watu waliisifu desturi hiyo, na mimi nikaamini kwamba ni busara yangu.

Binti wa dada yangu alikuwa anakaa kwetu wakati huo, akisoma shahada ya pili chuo kikuu. Alirithi jina la mama yangu, kwa hiyo nilimwita mama tangu akiwa mtoto wa kubebwa, naye akaniita mjomba. Somo lake lilikuwa maji. Alitaka kujua kwa nini maji ya mfereji hufika mtaa mmoja alfajiri na mwingine saa tatu, na mwingine hayafiki kabisa, ilhali bomba kubwa ni moja. Alikuwa ameandika programu ya kuiga maji hayo kwa hesabu: mabomba yote, matangi, nyumba zinazofungua mifereji saa fulani, siku nzima kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku.

Chuo kikafungwa. Kulikuwa na vurugu, wanafunzi wakatimuliwa, na kompyuta aliyoitegemea ikabaki nyuma ya geti. Ufadhili wake ulikuwa na mwisho, na mwisho haukujali geti. Akaanza kutafuta mashine za kuazima. Alipata tatu, na hakuna hata moja iliyoweza kubeba hesabu nzima. Moja ilikuwa ofisini mwa kanisa letu Shauri Moyo, ambayo niliiomba mimi mwenyewe kwenye kamati. Ya pili ilikuwa Eastleigh, kwenye chuo cha taipu juu ya duka la vitambaa. Ya tatu ilikuwa Baba Dogo, ofisini mwa kiwanda cha mabeseni ya plastiki, alikokuwa karani wa stoo aliyesoma naye shule ya upili.

Basi akayakata maji vipande vitatu. Kila mashine ikapewa kipande chake cha mabomba. Siku ikakatwa nusu saa nusu saa, raundi arobaini na nane. Mashine ilichukua karibu saa nzima kumaliza raundi moja, kisha ikaonyesha namba sita kwenye skrini: presha na kiasi cha maji pale mpakani, mahali bomba la kipande kimoja linapoingia kipande cha jirani. Namba hizo zilitakiwa kufika kwa wenzake kabla ya raundi nyingine kuanza. Siku hizi mashine huunganishwa kwa waya. Sisi waya wetu ulikuwa simu ya kanisa, na mimi.

Alinieleza mara moja tu, nikaelewa. Sikuwa mjinga, na sitaki kujificha nyuma ya ujinga.

"Kila mmoja anawangoja wenzake," alisema. "Mmoja akikwama, wote wasimame."

"Na asipojibu kabisa?"

"Anangojwa, mjomba."

"Chama chenu kina shida," nikamwambia. "Hakina akidi."

Alicheka. "Maji hayana akidi, mjomba. Yakikosekana mahali pamoja, yamekosekana kote."

Tulipangiwa wiki moja, Jumatatu hadi Jumamosi, kwa sababu kanisa lilitaka mashine yake Jumapili kwa ajili ya matayarisho ya sikukuu ya mavuno. Jumapili kabla ya kuanza, habari ikafika kwamba dada yangu, yaani mama yake, amelazwa hospitali ya wilaya kule nyumbani. Akasafiri asubuhi ya Jumatatu. Kabla ya kuondoka alinunua daftari hili, akapiga mistari kwa rula, safu tatu za sehemu tatu, raundi moja hadi arobaini na nane. Akanikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anavyomkabidhi mzee kitu. Kijijini hakukuwa na simu.

Jumatatu ilikuwa siku nzuri. Nitakubali kwamba sijawahi kufurahia kazi kama siku ile. Nilikaa kwenye kiti cha mchungaji, daftari mbele yangu, kalamu mbili, nikipokea namba kutoka Baba Dogo na Eastleigh na kuzigawa.

Karani wa Baba Dogo alikuwa Mkamba mwenye mdomo. Alipokea simu hivi: "Mabeseni tunayo, Shauri Moyo. Leteni maji."

"Soma namba, kijana."

"Sasa hata salamu hakuna? Mzee wa kanisa mzima?"

Mwalimu wa taipu wa Eastleigh alikuwa mama mkali. Nyuma yake nilisikia honi za First Avenue na wasichana ishirini wakigonga taipu, na yeye alizisoma namba kana kwamba anatoa imla. "Mbili, nukta, saba, tatu. Nimesema tatu. Nirudishie." Namrudishia. "Vizuri. Inayofuata."

Tulimaliza raundi tisa siku hiyo. Ndani ya hesabu ilikuwa imefika saa kumi na nusu alfajiri, watu bado wamelala, matangi yamejaa.

Jumanne saa mbili nilipiga Baba Dogo. Karani alipokea, na siku hiyo hakutaja mabeseni.

"Stima imepotea, mzee. Kiwanda kimesimama, watu wanarudishwa nyumbani. Hata mimi natoka."

"Wamesema itarudi lini?"

"Wenye stima huwa wanasema?"

"Sasa namba zangu?"

"Namba zako ziko gizani na mimi. Ikirudi nitakupigia."

Nikaweka simu. Nikatazama mashine ya kanisa, kile kimstari chake kikiwaka na kuzima, kikingoja nikiandikie kitu. Nikamngoja yule karani saa moja, saa mbili. Saa nne na robo mwalimu wa Eastleigh akapiga mwenyewe.

"Mzee, mashine yangu imekaa bure, na darasa la saa nane nimelihamishia kwenye taipu kwa ajili yenu. Mnanipa namba au hamnipi?"

Ningeweza kumwambia, mwalimu, leo tumekwama, fundisha darasa lako. Angenung'unika kidogo kisha angelifundisha. Ningeweza kwenda kwa mchungaji, nyumba tatu kutoka pale, nimwombe nusu siku ya Jumatatu inayofuata. Nilijua hesabu ya siku zetu: raundi nane au tisa kwa siku, na tukipoteza siku moja tungebakiwa na chache. Lakini nilikuwa nimeiambia kamati kwamba kazi itakwisha Jumamosi, na nilikuwa nimeisema kwa sauti ya mtu ambaye vikao vyake havikwami. Kurudi kuomba tena kulinishinda. Hakukuwa na sababu nyingine. Nimeitafuta kwa miaka, na hakuna.

Nikafungua daftari, nikatazama safu ya Baba Dogo, raundi ya tisa. Asiyefika, neno lake la kikao kilichopita ndilo neno lake la leo.

"Andika," nikamwambia.

Nikamsomea. "Hizi si ndizo ulinipa jana jioni?"

"Ndizo."

"Zote sita?"

"Zote sita, mwalimu."

"Haya. Mwenye kikao ni wewe."

Nikazinakili kwenye safu ya Baba Dogo, raundi ya kumi. Kisha ya kumi na moja. Ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu. Mwandiko wangu haukutetemeka. Ukiutazama leo, safu ile ni nadhifu kuliko zote, kwa sababu mkono ulikuwa unajua unachokwenda kuandika.

Jumatano stima ilirudi, na yule karani akapiga kabla sijampigia.

"Shauri Moyo! Mabeseni yanaungua huku, tuko kazini. Mimi niko raundi ya kumi. Nipe za mpakani."

"Sisi tuko ya kumi na nne," nikasema. "Ruka uje ya kumi na nne."

"Niruke vipi, mzee? Mimi sijafanya ya kumi, wala ya kumi na moja..."

"Programu itakuuliza namba ya raundi. Andika kumi na nne."

Akasita. Yeye hakuwa mtu wa kusita. "Mwenyewe amesema?"

"Amesema," nikamjibu.

Hilo ndilo neno. Mtu anaweza kukosea kwa desturi, na labda mama angenisamehe desturi. Lakini nilipoulizwa kama mwenyewe amesema, nilijua vizuri alichosema, na nikamtia mdomoni neno lililo kinyume chake.

Tukamaliza Jumamosi saa kumi alasiri, raundi ya arobaini na nane. Nikanakili matokeo kwenye disketi kama nilivyoonyeshwa, nikaifunika mashine kwa kitambaa chake, nikampelekea mchungaji ufunguo. "Umetimiza ahadi, mzee," akaniambia, nami nikapokea sifa hiyo.

Mama alirudi Jumanne iliyofuata, dada yangu akiwa ameanza kupata nafuu. Alileta viazi vitamu na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Kabla hajakaa aliuliza, "Kulikuwa na shida?"

"Stima ilipotea kidogo Baba Dogo. Lakini tuliendelea vizuri."

"Nyinyi ni watu wa ajabu," alisema, na akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Sikumbuki kama niliuondoa haraka. Natumaini niliuondoa.

Chuo kilipofunguliwa aliandika haraka na kuwasilisha mbele ya watahini. Nilikuwa nyumbani aliporudi. Alisimama mlangoni, viatu bado miguuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mboga.

Alitueleza kwa sauti ya kawaida. Hesabu yake ilisema maji hufika mifereji ya Shauri Moyo saa kumi na mbili asubuhi. Mtahini mmoja alikuwa amezaliwa mtaani humu humu. Alivua miwani akasema mama yeyote wa Shauri Moyo mwenye mtungi anajua maji hayaji kabla ya saa tatu, na mama huyo hakuhitaji kompyuta tatu. Watu wakacheka. Kisha profesa wake akasema, bila kucheka, kwamba kosa ni kuyakata maji vipande na kuyatawanya kwenye mashine za kuazima. Kwamba njia yenyewe haifai, na aanze upya kwa njia nyingine.

"Kuna kitu kimeenda vibaya alfajiri," alisema mama. "Tangi la upande wa Baba Dogo linabaki limejaa saa ambayo watu wanaamka. Kama vile hakuna mtu aliyefungua mfereji. Sioni kwa nini." Akanitazama. "Mjomba, lile daftari liko wapi? Nilinganishe namba."

Lilikuwa kwenye sanduku la bati, hatua nne kutoka aliposimama. Kulikuwa na dakika, labda zaidi, ambayo ningeweza kuinuka. Profesa alikuwa bado hajafunga faili. Angempelekea safu ile, raundi ya tisa hadi ya kumi na tatu, namba zile zile mara tano, na mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba programu haikukosea. Aliyekosea ni mzee mmoja mwenye simu.

"Nadhani mama watoto aliwashia jiko," nikasema.

Mke wangu aliinua macho kutoka kwenye mboga. Alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Kisha akaendelea kuchambua.

"Ah," alisema mama. "Basi."

Akavua viatu, akaingia chumbani.

Alijaribu kuomba mashine tena. Meneja wa mabeseni alikataa. Kanisa lilikuwa limemweka mtu wa kuchapa kadi za harusi kwa mashine yake. Ufadhili ukaisha. Mwaka uliofuata alikwenda kufundisha hesabu shule ya wasichana kule magharibi, na alibeba begi moja la nguo na furushi la karatasi ndefu zenye matundu pembeni, programu yake yote iliyochapwa. Nilimsindikiza hadi kituo cha mabasi. Nilibeba furushi hilo begani, nikamkabidhi mlangoni mwa basi.

Mke wangu hakuwahi kulitaja jambo lile, ila mara moja, tukiwa wawili. "Umenipa moshi ambao si wangu," alisema. Nami nikajifanya sijasikia.

Alifariki miaka sita baadaye. Mama alikuja mazishini, akakaa siku tatu kuwasaidia wanawake. Siku ya tatu nyumba ilipotulia, mchana, watu wakiwa nje chini ya turubai, nilifungua sanduku, nikamwekea daftari mezani. Nilikuwa nimejiandaa kueleza. Nilidhani pia, na naona aibu kulisema, kwamba atafarijika kujua programu yake ilikuwa sawa.

Hakuniuliza ni nini. Alilifungua, akashusha kidole kwenye safu ya Baba Dogo, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Kidole kikasimama.

"Nne," alisema.

"Nne."

"Nusu siku."

"Stima ilipotea, na kamati..."

"Nilijua daftari halikuchomwa," alisema. "Nimeishi nyumba hii miaka mitatu. Shangazi hakuwa na jiko la makaa. Alipika kwa stovu ya mafuta ya taa. Angewashia nini?"

Nilikaa.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza.

"Nimwambie nani, kwamba mjomba wangu anadanganya? Mbele ya mke wake?" Hakupandisha sauti. "Nikasema, ataleta mwenyewe. Atafikiri usiku, asubuhi ataleta. Nikangoja. Nilipokwenda shule nikasema, huenda namtilia shaka bure, huenda kosa ni langu kweli. Nikazisoma zile karatasi likizo mbili, mstari kwa mstari. Nikitafuta kosa ambalo halikuwa humo. Mwishowe nikawa sina hakika hata na ile mistari niliyojua ni sawa. Siku hizi nikipiga hesabu ubaoni, wanafunzi wanajua, napiga mara mbili."

"Nisamehe, mama."

"Siku hizi chuoni wanafunzi wanafanya vile vile," alisema, kana kwamba hakunisikia. "Mashine kumi, zimeungwa kwa waya, kila moja na kipande chake. Mmoja wa wasichana wangu yuko huko, aliniandikia barua akanieleza jinsi inavyofanya kazi, kama kitu kipya. Akaniandikia, mwalimu, uzuri wake ni kwamba zinangojana."

Akafunga daftari, akaliweka sawasawa na ukingo wa meza. Nilimwambia alichukue. Nilimwambia niko tayari kuandika barua kwa profesa, niweke sahihi, nieleze kila kitu.

"Profesa alishastaafu," alisema. "Na mimi nina miaka thelathini na minne." Akainuka. Nje wanawake walikuwa wakiita mtu wa kushika upande wa pili wa sufuria kubwa. "Kaa nalo, mzee."

Hakuwahi kuniita hivyo. Mzee ni neno la heshima, unamwita hata mtu usiyemjua ukimpisha kwenye kiti. Alitoka, nikamsikia akiwaambia wanawake wasogee, ashike yeye.

Bado huja. Dada yangu akimtuma huja na viazi, huuliza hali ya miguu yangu, huniachia dawa. Huniita mzee. Mimi nami jina la mama yangu siku hizi hulitamka lote, kama watu wengine wanavyomwita, kwa sababu mara ya mwisho nilipomwita mama aligeuka kuangalia nyuma yake, kama mtu aliyedhani anaitwa mwingine.